Datsun 240Z ikikusumbua Mombasa: kabla hujagusa kabureta, soma hapa

Wenye hizi gari mnajua, ukisimama petroli steshen yoyote Nyali lazima mtu aje aulize "hii ndo ile ya Safari?" na ndo hiyo hiyo, Datsun 240Z ilichukua Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, ikachukua tena 1973 na Shekhar Mehta, kwa hivyo ikikuzimikia Makupa saa nane mchana usije ukaniambia gari ni mkweche. Gari ni ngumu. Ila imezeeka, za mwisho zilitoka 1973, inaishi mahali ambapo upepo wenyewe una chumvi, na kila fundi akiisikia inakohoa anakimbilia kufungua zile kabureta mbili. Hapo ndo balaa huanza, maana kabureta ikishachezewa bila sababu tatizo la kwanza bado liko na la pili ushaongezewa juu yake.

Msimamo wangu ni huu: hapa pwani anza na waya na erthi (njia ya umeme kurudi kwa betri kupitia injini na bodi), halafu cheche, halafu petroli na joto lake, kabureta ziwe za mwisho kabisa. Na kabla hujashika spana jiulize gari yafanya hivyo lini, asubuhi ikiwa baridi, ikishapata moto, ukiwa kwa foleni, ukipanda mlima, au ikinyesha, kwa sababu dalili ni moja lakini sababu zabadilika kulingana na saa. Vifaa si vingi: multimita ya kupimia umeme, fila geji ya kupimia mapengo madogo, spana za milimita (gari yote ni milimita), plagi moja nzima ya kutestia, na kipande cha mpira mwembamba kama mita moja, nitakwambia cha nini.

Inawaka ukiwa umeshika ufunguo, ukiachia inazima

Hii nshaona watu wakiuziwa koili (inayopandisha umeme wa betri uwe wa cheche), distributa nzima (inayogawa cheche kwa plagi), hata petroli pampu, na kitu chenyewe ni kile kirezista cheupe cha udongo kilichofungwa karibu na koili. Ukiwa wastati, koili inapewa umeme wa betri moja kwa moja, ukiachia ufunguo umeme wapitia kwa rezista. Ikishakatika ndani umeme hauna njia, injini inakufa pap. Washa swichi bila kustati, pointi (vile vikontakti vya ndani ya distributa) ziwe zimefunga, pima volti upande mmoja wa rezista halafu upande wa pili. Wa kwanza uwe na volti karibu za betri, wa pili pungufu, kama nusu hivi. Ukipata sifuri upande wa pili, rezista imekwenda. Ukipata sifuri pande zote mbili usinunue chochote, rudi nyuma kwa rev kaunta (saa ya kasi ya injini kwenye dashi), kwa sababu kwenye hizi gari umeme wa koili wapitia ndani ya rev kaunta kwanza, kwa hivyo pini ikilegea huko nyuma ya dashi gari inazima ukiwa njiani na sindano ya rev inalala hapo hapo. Kuna watakaokwambia uruke rezista uunge waya moja kwa moja. Kufika nyumbani sawa, lakini ukiiacha hivyo koili itachemka na pointi zitaungua mapema sana.

Umezima kwa foleni ya feri Likoni, sasa haitaki kuwaka

Kaskazi, jua la utosi, foleni haisogei, ukazima ili usichomeke. Ikifika zamu yako stata inazunguka, inazunguka, yakohoa mara moja, moshi mweusi kidogo, kimya. Au inawaka vizuri, yaenda mita chache inakufa, na nyuma yako matatu wanakupigia honi kana kwamba umefanya kusudi.

Fungua boneti uangalie jinsi ilivyopangwa. Kwenye injini ya L24, ndo ya hii 240Z, mdomo wa kuingiza hewa na wa kutoa moshi yote iko upande mmoja, kwa hivyo kabureta zimekaa juu ya manifoldi ya ekzosti. Gari ikitembea hewa yapita na petroli inaingia mpya kila mara, haina shida. Ukizima, feni imesimama, maji yamesimama, na joto lote la ile chuma lapanda juu kwenye bakuli za kabureta. Petroli inachemka humo ndani, nyingine yamwagikia kwenye manifoldi na kuzamisha injini, na kwenye paipu kunabaki mvuke ambao ile pampu ndogo ya mekaniki haiwezi kuusukuma.

Lakini usiamue bado, kwa sababu koili na kondensa (kile kikopo kidogo kinachokaa na pointi) zinazokufa nazo huharibika zikiwa moto na dalili ni ile ile. Mtihani wa kuzitenganisha ni huu, ufanye hapo hapo kabla gari haijapoa: chomoa waya mmoja wa plagi, weka plagi yako ya kutestia, igusishe kwa chuma cha injini mbali na kabureta, mtu astati. Tumia pulaizi yenye mpira na usikaribie petroli iliyomwagika. Ukiona cheche nene ya bluu inayolia taa taa taa, basi umeme ni mzima na shida ni petroli. Ukiona kicheche chembamba cha manjano au hakuna, ni koili au kondensa, na kondensa ndo ya kubadilisha kwanza maana ni bei ndogo.

Kama ni petroli, wacha kupampu akselereta. Kabureta hizi za Hitachi za aina ya SU hazina pampu ya akselereta, ukipampu hakuna tone linaloongezeka. Kanyaga mafuta mpaka nusu au hata mpaka chini, shikilia hapo, stati bila kuachia, hewa itaingia ikaushe ile petroli ya ziada. Kitambaa kibichi juu ya pampu na paipu ya petroli chasaidia. Maji ya chupa juu ya manifoldi, hapana, chuma ya moto ikimwagiwa maji baridi yapasuka na manifoldi nzima za hii gari si za kuokota Mwembe Tayari.

Halafu ukifika nyumbani tafuta kwa nini inazidi. Kwanza ile bati ya kukinga joto chini ya kabureta, gari nyingi zimefunguliwa na haikurudishwa. Pili zile spesa nene nyeusi katikati ya kabureta na manifoldi, kuna mafundi hutoa na kuweka gasketi ya karatasi peke yake, sasa joto lapita moja kwa moja. Tatu paipu ya kurudisha petroli kwenye tenki, ikiziba petroli haizunguki, inakaa kwenye reli ikipikwa. Ipulize kwa mdomo, ikigoma umepata mwizi. Na paipu za petroli zisiguse hedi wala nyumba ya thermostati, zivalishe mpira wa kukinga joto.

Inamisi

Yaani silinda inaruka bila kuwaka. Swali ni inamisi silinda moja muda wote, au yote ikikimbia. Ikiwa moja, injini ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyaga mafuta) chomoa waya za plagi mmoja mmoja kwa pulaizi ya mpira, ule ambao ukichomoa injini haibadiliki sauti ndo silinda iliyolala. Kama mtu alishabadilisha waya hakikisha mpango wa silinda kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, namba moja ni ya mbele, na rota (kile kinachozunguka ndani ya distributa) yazunguka kinyume cha saa. Nshaona gari imekaa garaji wiki nzima ikitafutiwa kabureta na waya mbili zilikuwa zimebadilishana.

Pengo la plagi 0.8 hadi 0.9 mm, la pointi 0.45 hadi 0.55 mm. Hizi si namba za kukisia kwa jicho. Shika shafti ya distributa kwa vidole uitikise kando, ikicheza, pengo utakaloweka halitakaa, na hapo watu wengi wamehamia mfumo wa elektroniki usio na pointi na siwalaumu, mi pia napendelea kwa gari ya kutembelea kila wiki.

Ikimisi asubuhi za masika au usiku wa unyevu na mchana inapona, subiri giza, fungua boneti, acha injini inguruma uangalie tu bila kugusa. Utaona vicheche vya bluu vikitembea juu ya waya za plagi na kwenye kofia ya distributa. Hiyo ni chumvi na unyevu, umeme umepata njia fupi kwenda kwa bodi. Ivue kofia, angalia ndani kama kuna mistari myeusi miembamba kama nywele. Ikiwepo kofia haifai tena, ukisugua itarudi.

Ikiwa iko sawa mjini lakini ukishapita Mazeras kupanda kwenda Mariakani yaanza kukosa nguvu na kuvuta vuta, hiyo ni njaa ya petroli. Toa filta uimwage kwenye kikombe cheupe. Ukiona unga wa kahawia tenki limeota kutu ndani, na hapo hakuna filta itakayokuokoa zaidi ya mwezi, tenki litolewe lisafishwe.

Kitu kingine kinachosahaulika ni tapeti, yaani pengo la vali. Injini ikiwa moto, vali ya kuingiza 0.25 mm, ya kutoa 0.30 mm. Zile zinazolia tiki tiki hazina neno sana, zile kimya kabisa ndo za kuogopa, vali iliyobana haifungi na huungua.

Haya, sasa kabureta

Kama umefika hapa cheche ni nzuri na petroli inafika. Moshi mweusi na harufu ya petroli baada ya injini kupata moto, angalia choki kwanza. Choki ya hizi kabureta haifungi hewa, yavuta ile nozeli ya chini ishuke ili petroli iingie zaidi. Vumbi na kutu zikiingia kwenye vile vikono, unarudisha choki pale katikati ya viti lakini nozeli moja yabaki chini. Ingiza kidole chini ya kabureta uisukume juu, ikiingia na injini ikabadilika sauti, ushamaliza, safisha vile vikono na utie oili nyepesi.

Halafu fungua kile kifuniko cha juu chenye kijiti, nyanyua pistoni kwa kidole kupitia mdomo wa kabureta uiachie. Lazima ianguke yenyewe na ilie ngo kwenye daraja la chini. Ikishuka polepole au ikikwama, safisha kwa petroli na kitambaa, usiguse na msasa hata kidogo. Na pistoni na kuba lake ni mke na mume, ya mbele isiende nyuma. Ile oili ndogo ya juu ikikauka gari itasita ukikanyaga mafuta ghafla, tia oili nyepesi ya SAE 20.

Sasa ule mpira wako wa mita moja. Upande mmoja sikioni, upande wa pili mdomoni mwa kabureta ya kwanza, sikiliza mlio wa hewa, nenda ya pili. Milio ikilingana zimebalansi, moja ikilia zaidi rekebisha skrubu ya sailensi taratibu, lengo ni karibu 750 kwa dakika. Ikiwa sailensi yapanda na kushuka hata ukibalansi, kuna hewa inaingia kwa wizi. Mpira wa kwenda kwa busta ya breki ndo mshukiwa wangu wa kwanza, kisha gasketi ya manifoldi.

Inachemsha

Tena, lini? Ikichemsha ukisimama jamu ya Kibarani na ukitembea inapoa, shida ni upepo: klachi ya feni imechoka, kava ya feni haipo, au mapezi ya rejeta yamejaa mchanga na wadudu. Zima injini ikiwa moto, zungusha feni kwa mkono kwa tahadhari, ikizunguka huru kama haijashikwa na kitu klachi imekufa. Ikiwa yachemsha ukikimbia au ukipanda, shida ni maji hayapiti: rejeta imeziba ndani, thermostati haifunguki vizuri (ya kawaida ni ya digrii 82), taimingi iko nyuma (cheche inachelewa), au mpira wa chini wa rejeta umelainika wanyonywa na kujifunga injini ikipanda rev. Huo mpira wa chini ukiukagua gari imezimwa utauona mzima kabisa, mpaka umpate mtu akanyage mafuta wewe uutazame.

Na hapa lazima niseme kwa sauti, msitie maji ya kisima. Visima vingi vya hapa kwetu vina chumvi na hii injini ina bloki ya chuma na hedi ya aluminiamu, ukichanganya na maji ya chumvi hedi yaliwa kuanzia kwenye mashimo ya maji na siku utakayofungua utakuta imetoboka pembeni ya gasketi. Tia kulanti na yale maji ya kuongezea betri, si asidi, basi. Rejeta ya zamani ni ya shaba, ikiziba mpelekee fundi wa rejeta aifungue, aitoboe, aichome upya, usikubali kubadilishiwa ya plastiki kwa haraka.

Mapovu yasiyoisha kwenye rejeta injini ikiwa imewaka tangu baridi, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maji yapungua bila kuvuja, hiyo ni hedi gasketi, usiendelee kuendesha. Na kabla hujaamini geji, thibitisha kwa kipima joto cha miali kwenye nyumba ya thermostati, geji za zamani zadanganya erthi ikiwa mbovu. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe moto, hilo mnalijua na bado kila mwaka kuna mtu anaungua.

Taa hafifu, fyuzi boksi yanuka plastiki

Washa taa kubwa dakika kumi, gusa fyuzi boksi. Ikiwa ya moto ushapata jibu. Umeme wote wa taa kubwa wapitia kwenye swichi na kwenye vile vishikizo vya fyuzi bila rilei yoyote (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa), na vishikizo vikishaota ule ukungu wa kijani wa shaba vinapata moto mpaka plastiki inayeyuka huku fyuzi yenyewe ni nzima. Kuongeza fyuzi kubwa ni kujitafutia moto. Safisha vishikizo, vibane, halafu funga rilei mbili za taa kubwa, kazi ya mchana mmoja na utafikiri umebadilisha macho.

Erthi ipime hivi: multimita waya mmoja kwa injini, mwingine kwa ncha hasi ya betri, mtu astati. Ikizidi nusu volti erthi yako ni mbovu hata kama waya waonekana mpya. Chaji iwe kati ya 14 na 14.7 volti injini ikikimbia kiasi. Chini ya 13, belti kwanza, plagi za waya pili, kisha ile reguleta (inayosawazisha chaji) iliyo kando na alternata.

Moshi unaingia ndani

Hii ni ugonjwa wa kuzaliwa nao wa 240Z. Ukitembea, nyuma ya gari kunabaki hewa inayovuta moshi wa ekzosti kurudi, na mlango wa nyuma ukiwa na mpira uliokauka wote unaingia kwako. Chukua karatasi nyembamba, weka kwenye mpira, funga mlango, vuta. Ikitoka bila kubanwa hapo panavuja, zunguka mlango mzima. Kisha toa taa za nyuma, gasketi zake zikiwa zimekuwa unga badilisha. Msizoee ile harufu na kufungua vioo, gesi ya ekzosti inayoua yenyewe haina harufu.

Maji miguuni, kutu, na mengine

Zulia bichi baada ya mvua, angalia pale chini ya kioo cha mbele. Mitaro ya maji pale inazibwa na majani, na kama unaegesha chini ya mwarobaini kama nusu ya Mombasa, mitaro hiyo isafishwe kabla ya masika. Maji yakikosa njia yaingia sakafuni, na sakafu za hizi gari zaoza kutoka ndani wewe ukipiga rangi nje. Gonga reli za chini kwa mpini wa bisibisi, mlio wa chuma mzuri, mlio wa boksi la karatasi mbaya. Chini ya betri pia.

Breki zikivuta upande mmoja, pistoni ya kalipa imekwama. Gari ikikaa wiki kadhaa na hendibreki juu, shuu za nyuma zashikana na ngoma, kwa hivyo iache kwenye gia na uweke gogo. Maji ya breki yanavuta unyevu, na kwa hewa yetu hii mi nayabadilisha kila mwaka bila kujadiliana.

Mlio wa "ngo" nyuma ukiachia klachi, watu wanasema difu (gia ya kugawia magurudumu ya nyuma nguvu) imekufa. Mara nyingi ni raba ya mbele ya difu imepasuka, au yunivasali (viungo) za shafti. Weka gari juu ya stendi, si jeki peke yake, inua difu kwa mbao uone kama inaruka.

Kuhusu spea za injini, msikate tamaa upesi. L24 ni ile L16 ya Datsun 1600 iliyoongezwa silinda mbili, kipenyo 83 mm na mwendo wa pistoni 73.7 mm ni vile vile, kwa hivyo muulize muuzaji vitu vya L16 kabla hajakwambia uagize Japani usubiri meli.